Herufi zilizofungwa na hataza

Itazame herufi m. Ina miguu mitatu, na kwa ukubwa wa kawaida wa kusomea, skrini ya zamani iliipa nukta, yaani pikseli, kama 10 hivi kwa upana. Mguu ukiangukia katikati ya nukta mbili, ama unanenepa ama unapotea. Neno kama "mwanamume" likawa kama ua uliolegea miti.

Hivyo ndivyo Linux, mfumo huria wa kompyuta, ulivyosomeka kwa miaka mingi, na watu wakasema ni kazi ya wanaojitolea wasiojali sura. Lawama hiyo haikuwa ya haki.

Dawa ilikuwepo. Fonti za TrueType, ambazo muundo wake ulibuniwa na Sampo Kaasila akiwa kampuni ya Apple na kutolewa mwaka 1991, zilibeba ndani yake maelekezo madogo madogo: mguu huu usogee hadi kwenye ukingo wa nukta, ule ulingane na mwenzake. FreeType, programu huria iliyoanzishwa na David Turner mwaka 1996, ilijua kuyasoma. Lakini mbinu yenyewe ilikuwa na hataza za Apple, yaani haki za kisheria za uvumbuzi. Watengenezaji wa FreeType wakaizima sehemu waliyoiandika kwa mikono yao wenyewe! Msimbo ulibaki palepale, umefungwa. Badala yake wakatunga njia nyingine, ya kuliangalia umbo la herufi na kukisia miguu ikae wapi bila kuyagusa maelekezo yale. Mimi naiona kuwa kazi ya ufundi mkubwa, ingawa wakati ule matokeo yake hayakumridhisha kila msomaji.

Wengine nao hawakukaa bure. Mwandishi wa programu Keith Packard alileta Xft, programu iliyolainisha kingo za herufi kwa vivuli vya kijivu. Mwaka 2003 kampuni ya Bitstream ilitoa fonti za Vera bila malipo, na mwaka 2007 kampuni ya Red Hat ikatoa fonti za Liberation, zenye vipimo vya upana sawa na Arial na Times New Roman, ili barua iliyotoka Windows isivurugike mistari.

Mei 2010 hataza zile zikaisha muda. Julai mwaka huohuo FreeType 2.4 ikatoka, sehemu iliyofungwa ikiwa imewashwa.

Kama herufi bado zinakukwaruza macho, usikimbilie kuiacha Linux. Fungua mpangilio wa fonti, washa ulainishaji wa kingo, kisha weka usawazishaji wa herufi (hinting), yaani ile kazi ya kuipanga miguu kwenye nukta, katika kiwango kidogo. Halafu andika "mwanamume" uhesabu miguu.