Mgongo wa Mtoto Hauingojei Kliniki

Leo tuzungumze juu ya mgongo wazi. Mtoto huzaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni, na mara nyingi miguu imelegea. Utasikia watu wakisema ni laana. Nimemwona mama akirudishwa kwao kwa ajili ya maneno hayo. Historia inatueleza vingine.

Ubongo na uti wa mgongo huanza kama utando bapa wa seli. Utando huo hujikunja kama mkeka, kingo zikakutana na kuwa bomba. Kazi hiyo huisha yapata siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua kwamba ni wajawazito. Bomba lisipofunga upande wa chini, huo ndio mgongo wazi.

Mwaka 1931, daktari Mwingereza Lucy Wills, akiwa Bombay, India, aliona wajawazito waliopungukiwa damu wakipata nafuu kwa chakula kilichotokana na hamira. Mwaka 1941 wataalamu wa Marekani walipata dawa kama hiyo katika majani ya spinachi, wakaiita asidi ya foliki, kutokana na neno la Kilatini la jani.

Mwaka 1965, Hibbard na Smithells wa Liverpool waliona dalili za upungufu wa foliki kwa akina mama waliozaa watoto wenye kasoro hizi. Jibu lilikuja mwaka 1991. Wanawake 1,817 wa nchi 7, ambao tayari walikuwa wamepata mimba yenye kasoro hiyo, walifuatiliwa. Nusu walimeza foliki kabla ya kushika mimba tena. Kati yao, kasoro ilirudi mara 6. Kwa wasioimeza, ilirudi mara 21. Uchunguzi ulisimamishwa mapema, maana faida ilikuwa wazi.

Hapa Kenya, tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi na ngano wa pakiti uongezwe foliki. Lakini unga wa posho mili hauna nyongeza hiyo.

Basi dada, ukipanga kupata mtoto, anza tembe ya foliki ya mikrogramu 400 kila siku kabla ya kushika mimba. Ukingoja kliniki ya mwezi wa nne, tembe itasaidia damu, ila mgongo umekwisha kujengwa. Uliyewahi kupata mtoto wa namna hii, mwone daktari kwanza. Kipimo chako ni kikubwa zaidi.

Foliki haizuii kila kasoro. Lakini nawe baba mkwe, mama mkwe, acheni kumlaumu mama.