Nguo ya Mogadishu na soko lake



Ndugu wasomaji, tukiwauliza wanafunzi wetu watu wa pwani walivaa nini zamani, wengi hujibu haraka: nguo zililetwa na majahazi kutoka Bara Hindi na Uarabuni. Jibu hilo ni nusu ya kweli. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja mwaka 1304, alifika Mogadishu mwaka 1331 akaandika kwamba mji ule ulifuma nguo zilizoitwa kwa jina lake, zisizo na mfano, zikisafirishwa mpaka Misri. (Naye alipopewa mavazi na watu wa Sultani, mlikuwa na kanzu ya kitani cha Misri na kilemba cha Misri! Basi watu hubadilishana, kila mmoja akipenda cha mwenzake.)

Ametuachia pia habari ya soko. Mfanyabiashara akishuka chomboni hukaribishwa na mwenyeji mmoja, akakaa kwake, na mwenyeji huyo ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Anayenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au kumuuzia mwenyeji wake asipokuwapo, biashara yake huhesabiwa batili. Wanafunzi wa fiqhi hapa watatega masikio, maana mgeni asiyejua bei ya mji ni mtu rahisi sana kudhulumiwa.

Nguo yenyewe ilitoka mbali kabla ya kufika sokoni. Pamba ililimwa bondeni mwa mto Shabelle, kama vile upande wa Afgooye, ikasokotwa uzi, kisha ikafika kwa mfumaji mjini. Yeye huketi mbele ya shimo, miguu imo shimoni ikikanyaga vijiti vinavyopandisha na kushusha nyuzi za mtande, na mikono ikipitisha mshindio kushoto na kulia. Ni kazi ya subira. Mistari ya rangi haina mashine ya kuihesabu, anaihesabu mwenyewe kichwani. Vitambaa hivi ndivyo vinavyojulikana kwa jina la alindi, au futa ya Banadir.

Tusifiche jambo moja. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya pamba ile ya mtoni ililimwa na watumwa. Tunapoisifu nguo, na wao wamo ndani yake, ingawa majina ya wengi wao hatuyajui.

Karne hiyohiyo ilileta mtihani mkubwa kwa wafumaji. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba na Marekani, na meli za Salem zikajaza masoko ya pwani kitambaa cha kiwandani, imara na cha bei nafuu. Watu wakakiita merikani, na jina limebaki hadi leo hata kinapotengenezwa kwingine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikatiza shehena hizo kwa muda, lakini nguo za Bombay na Uingereza zilikuwa tayari kuziba pengo.

Wafumaji wa Banadir hawakufa wote. Merikani ilikuwa nguo tupu isiyo na nakshi, nao wakashika penye nguvu zao: mistari, pindo, na rangi ambazo mteja wa Kisomali alizitaka kwa harusi na sikukuu. Baadaye hata uzi wakanunua wa kiwandani, wakafuma kwa mkono. Wapo wanaosema hapo nguo ilikwisha kuwa ya asili. Sisi hatuoni hivyo. Mteja alikuwa akinunua mkono wa mfumaji, uzi ulikuwa malighafi tu.

Vita vya 1991 ndivyo vilivyowatawanya mafundi. Watu wengi wa Barawa walipanda vyombo wakakimbilia Mombasa, na akina mama waliojua kudarizi kofia wakaja na sindano zao. Kofia ya Barawa hutobolewa na kushonwa tundu kwa tundu, na moja nzuri huchukua wiki nyingi. Ndiyo maana muuzaji hukasirika ukimtajia bei ya kofia ya mashine.