Gunia la Sukuma, Hagadera

Agosti iliyopita shangazi yangu aliye Lewiston, jimbo la Maine kule Marekani, alinitumia picha ya meza yake ya jikoni. Hakukuwa na nafasi hata ya kuweka kikombe. Nyanya, bamia, biringanya, mahindi mabichi, na yale maboga membamba ya kijani wanayoita zukini. "Mwanangu, mboga zimenishinda," alisema kwenye ujumbe wa sauti, akicheka. "Nimegawia majirani mpaka sasa wakiniona wananikimbia."

Kule kuna mtindo wa kununua hisa ya mavuno. Unamlipa mkulima mapema, kabla hata hajapanda, halafu msimu wote unachukua sanduku lako kila wiki. Likija limejaa, ni lako. Mvua ikiharibu, hasara mnaigawana. Mwisho wa kiangazi ndipo balaa la neema huanza, manake kila kitu kinaiva kwa pamoja. Shangazi hukata nyanya akaziweka kwenye friza, mahindi akayakausha, na bamia akazitundika kwa uzi dirishani, vile alivyofundishwa na mama yake.

Mama yake ni Ayeyo, yaani bibi, ndivyo tulivyozoea kumwita Hagadera. Na Ayeyo hakuwahi kuwa na friza.

Ili uelewe kwa nini picha ile ilinikaa kichwani, lazima turudi nyuma sana, mpaka Uzigua, kule Handeni na Tanga. Miaka ya 1830 ukame na njaa viliwatoa watu huko. Wengi waliuzwa utumwani, wakavushwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia, wakalimishwa mashamba ya wengine. Waliotoroka walikimbilia misitu ya mto Juba. Simulizi zinamtaja mwanamke aitwaye Wanankhucha kuwa ndiye aliyewaongoza. Karibu miaka 200 baadaye bado kuna watu kule wanaoongea Kizigula, na ukimsikiliza mzee wa Juba akiongea polepole, Kiswahili chako kitakusaidia kushika maneno mengi.

Walikuwa wakulima. Mto ukifurika na kurudi nyuma, walipanda mahindi na ufuta kwenye tope lililobaki. Nafaka waliihifadhi ardhini, kwenye shimo linaloitwa bakaar, likafunikwa vizuri kwa udongo. Ayeyo aliniambia shimo likichimbwa sawasawa, unaweza kula leo mahindi ya mwaka juzi.

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka. Wanamgambo waliposhuka bonde la Juba, walijua wakulima wana nini na wamekificha wapi. Mashimo yalichimbuliwa. Watu hawa hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwatetea. Mfugaji angalau anaweza kuswaga ngamia usiku akatoweka nao, lakini shimo la mahindi utalibeba vipi? Akiba yao ndiyo iliyowaponza. Wakatembea hadi mpaka wa Kenya, na mwaka 1992 Hagadera ikafunguliwa, kambi ya tatu baada ya Ifo na Dagahaley. Kambi zote tatu zilipangiwa watu 90,000. Kufikia ukame wa 2011 zilikuwa zimebeba mara kadhaa ya idadi hiyo.

Rasheni ilikuwa unga, maharagwe au dengu, mafuta, chumvi. Jani bichi hakuna. Kiseyeye, ule ugonjwa wa mabaharia wa zamani, uliwahi kuzuka katika kambi za wakimbizi za Pembe ya Afrika kwa sababu hiyo hiyo. Mboga zilikuja kwa lori kutoka Garissa na kwingineko, na ukitaka nyanya unauza sehemu ya unga wako kwanza. Mwaka 2007 shirika la Action Against Hunger lilianza kugawa vocha za vyakula vibichi kwa familia zenye watoto waliodhoofika. Mwaka 2016 ikaja Bamba Chakula, pesa ya chakula kwenye simu. Mama alisimama mbele ya kibanda akachagua mwenyewe. Mtu anayeona hilo ni jambo dogo hajawahi kupangiwa chakula kwa miaka 24.

Na ardhi? Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, sembuse kulima. Ndipo likaja gunia, katikati ya miaka ya 2000. Unachukua kopo lisilo na kitako, unalisimamisha katikati ya gunia, unalijaza mawe, unazungushia udongo, unalivuta juu, unajaza tena, mpaka unapata nguzo ya mawe ndani ya udongo. Maji uliyooshea vyombo unayamwaga hapo katikati, yanasambaa kila upande. Ubavuni unatoboa matundu na kupachika miche ya sukuma na spinachi, juu unapanda nyanya. Mwanamke aliyewahi kulima kingo za mto alipewa shamba la kukumbatia kwa mikono miwili. Alilitunza kama mtoto. Mbuzi walimtambua na kumwogopa.

Mwaka 2002 mabasi yaliwapeleka watu wetu Kakuma, na kuanzia 2003 wakaanza kuruka kwenda Marekani, zaidi ya 12,000 wakiwa kwenye mpango huo. Shangazi aliondoka. Jina la Ayeyo halikutoka kwenye orodha, na hakuna aliyewahi kutueleza sababu. Kule Lewiston baadhi ya wakulima wetu walianzisha ushirika wa New Roots mwaka 2016, na shamba jingine, katika mji wa Wales, limeitwa Little Jubba. Mzungu wa Maine anakula bamia iliyopandwa na mikono ya Juba, na amelipa kabla ya mbegu kuingia ardhini. Hiyo sehemu ya kulipwa kabla huwa naifikiria sana.

Ayeyo yeye aliendelea kuanika. Majani ya kunde anayachemsha kidogo na chumvi, anayatandaza juu ya bati, anafunika na kipande cha chandarua kuzuia vumbi. Jua la Hagadera halikopeshi, jioni yamekauka. Anayatia kwenye kopo la mafuta la msaada, anaziba. Mimi nilimcheka. Akiba ya nini, na sisi tuko hapa kwa muda tu?

Novemba 2023 mvua za El Niño zikaikata barabara ya Garissa pale Madogo. Malori yakakwama ng'ambo ya Tana, nyanya zikapotea sokoni. Ayeyo akaloweka kunde kavu, akazikaanga na kitunguu cha mwisho, tukala na ugali siku nyingi. Hakusema kitu. Alinitazama tu.

Mwaka 2025 rasheni ilishuka chini ya theluthi ya kiwango kamili. Mwaka huo huo serikali ikazindua Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi kuwa makazi ya kudumu, na watu wakaanza kuulizana kama ardhi itakuwemo. Nilimwonyesha Ayeyo ile picha ya meza ya shangazi. Aliikuza kwa vidole viwili, akaangalia dirishani, kwenye uzi wa bamia.

"Amezikata nene mno," alisema. "Mwambie zitaota ukungu."