Bure si Huru: Linux Iko Mfukoni Mwako, Funguo Ziko kwa Nani?

Waingereza wana neno moja tu la kusema kitu hakilipiwi na la kusema mtu hana bwana. Sisi tuna mawili: bure na huru. Ukishika hiyo tofauti, historia yote ya Linux inakufungukia. Utaelewa pia kwa nini simu yenye Linux ndani inaweza kukufungia nje kama mpangaji aliyechelewesha kodi.

Stori inaanza na printa. Mwaka wa 1980 hivi, maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT kule Marekani ilikuwa na printa mpya ya leza kutoka Xerox, na karatasi zilikuwa zinakwama kila saa. Richard Stallman, jamaa wa programu hapo, alitaka kuongeza kitu kidogo tu: ikikwama, iwatumie ujumbe wale wanaongoja. Printa ya zamani alikuwa ameirekebisha hivyo hivyo. Safari hii akanyimwa msimbo, kwa sababu aliyekuwa nao alikuwa ametia sahihi mkataba wa kutoutoa.

Printa ilikuwa mbele yao, lakini hawakuwa na ruhusa ya kuirekebisha. Stallman hakusahau. Mwaka wa 1983 akatangaza mradi wa GNU, kuunda mfumo mzima wa kompyuta ambao mtu yeyote anaweza kuufungua, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka wa 1989 ikatoka leseni ya GPL. Kwa ufupi inasema hivi: fanya utakavyo, hata kuuza uza, lakini ukimpa mwenzako programu, mpe na msimbo wake na haki zilezile ulizopewa wewe. Hiyo ndiyo huru. Bei ni mambo mengine.

GNU ilikuwa karibu kamili, ila ilikosa kerneli, ile sehemu ya ndani inayoongea na prosesa, memori na diski. Hapo ndipo anaingia Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Ufini. Januari 1991 alinunua kompyuta ya 386 kwa kulipa polepole. Ndiyo, kama wewe na mimi. Agosti 25 mwaka huohuo, akiwa na miaka 21, akawaandikia watu wa Minix, mfumo wa kufundishia wa Profesa Andrew Tanenbaum wa Uholanzi, kwamba anaunda mfumo wake kama hobi tu, usiotarajiwa kuwa mkubwa. Watu walipotaka kumlipa, aliomba postikadi. Mwaka wa 1992 akaiweka Linux chini ya GPL. Baadaye watumiaji wakamchangia mtandaoni hadi akamaliza deni la kompyuta yake. Hiyo kwetu inaitwa harambee.

Sasa shika hapo: kompyuta ilikuwa ya deni, lakini hakuna aliyemzuia kuandika chochote ndani yake.

Kilichofuata kilienda haraka. Slackware na Debian zilitoka 1993, na seva za intaneti zikaanza kuhamia Linux, kwa sababu ungeweza kuweka mashine kumi au elfu bila kulipia leseni ya kila moja, na kitu kikiharibika ungefungua ndani ujionee. Mwaka wa 2001 mkuu wa Microsoft, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na saratani. Mwaka wa 2016 Microsoft hiyohiyo ikajiunga na Linux Foundation. Na tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu zaidi duniani kwenye orodha ya TOP500 zinatumia Linux. Zote, bana.

Ukikodi kaseva kadogo leo, mara nyingi utakachokuta ni hiyo hiyo: skrini nyeusi, kishale kinapepesa, hakuna kipanya. Kangu kana RAM ya GB 1 na kanabeba tovuti mbili. Stima ikipotea kwangu, kenyewe hakana habari.

Afrika pia imo kwenye hii historia. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, na toleo la kwanza likatoka Oktoba 2004. Hilo jina ni la ndugu zetu Wazulu na Waxhosa, na mzizi wake ni uleule wa neno letu utu. Toleo lenyewe lilipewa jina la ngiri. Kitu kikubwa zaidi ni kwamba hadi 2011 ungeweza kuagiza CD ya Ubuntu na ikaletwa kwa posta bila kulipa kitu. Leo inachekesha, lakini kabla ya nyaya za baharini kutua Mombasa mwaka wa 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na ya kobe. Kupakua CD nzima kwa cyber ya wakati huo? Sahau.

Laptopu yangu ni ex-UK yenye RAM ya GB 4, na Windows 11 haiitaki kwa sababu haina chipu ya TPM 2.0. Windows 10 nayo iliachwa rasmi Oktoba 14, 2025. Kwa hesabu za kampuni, hiyo mashine ni takataka. Mimi naiwasha na Linux na kazi inaenda: narekodi na OBS, nakata video na Kdenlive, naandika na LibreOffice. Sitakudanganya ati kila kitu ni laini. Siku ya kwanza waifai ilikataa, ikabidi niunganishe simu kwa waya ndio nipate draiva. Photoshop hakuna, labda ujifunze GIMP. Na faili za Word zenye jedwali nyingi wakati mwingine hufunguka zikiwa zimevurugika. Lakini shida ya Linux naweza kuitafuta, nikasoma, nikaitatua. Hakuna aliyefunga mlango.

Sasa njoo kwa simu. Android, iliyoingia sokoni 2008, imejengwa juu ya kerneli ya Linux. Hapa Kenya wengi waliionja kuanzia 2011, ilipokuja Huawei IDEOS ya karibu shilingi 8,000. Kwa hivyo Wakenya wengi wanatumia Linux kila siku na hawajui. Tumepata bure. Na huru?

Swali hilo liliwagawa wazee wenyewe. Kulikuwa na kifaa cha kurekodi TV, TiVo, kilichotumia Linux. Kampuni ilitoa msimbo kama GPL inavyotaka, lakini ukiubadilisha na kuurudisha, kifaa kinakataa kuwaka nao. Stallman na wenzake wakaandika GPL mpya mwaka wa 2007 kuziba hilo pengo. Torvalds akakataa kuhamia huko: kwake, leseni ihusu programu, na jinsi kifaa kinavyojengwa ni shauri la mwenye kukiunda. Kerneli ikabaki na leseni ya zamani mpaka leo.

Ukiwa na kompyuta tatu nyumbani, hoja ya Torvalds ni sawa: hiki kikikataa, unahamia kile. Lakini msee ambaye kompyuta yake pekee ni simu ya kulipia kidogo kidogo kila siku hana pa kuhamia. Akikosa malipo, skrini inafungwa, na kazi yake ya boda au ya kuuza mitumba mtandaoni inasimama hapo hapo. Sisemi deni lisilipwe. Torvalds pia alikuwa na deni. Shida ni kwamba hata ukimaliza kulipa, simu nyingi bado hazikuruhusu kuweka mfumo mwingine, na kampuni ikiacha kuleta masasisho, umebaki hivyo. Ni ile printa ya 1980 tena, safari hii imebebwa mfukoni na msimbo wa watu waliotaka tuwe huru.

Ndiyo maana ile laptopu kuukuu usiiuze kwa bei ya hasara. Tafuta flashi ya GB 8, weka Ubuntu au Linux Mint, uijaribu bila kufuta chochote. Ukiamua kuiweka kabisa, nakili mafaili yako kwanza. Ikikwama, niandikie hapo chini aina ya mashine na ujumbe unaoonekana kwa skrini, tutaitatua pamoja.