Muhimbili: Kutoka Hospitali ya Sewa Haji hadi Hospitali ya Taifa

Chimbuko la Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, iliyopo Upanga jijini Dar es Salaam, ni hospitali iliyofunguliwa mwaka 1897 kwa ajili ya Waafrika na Wahindi kutokana na mali ya Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara mzaliwa wa Bagamoyo aliyetajirika kwa kuipatia misafara ya bara bidhaa na wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo waliolipwa ujira. Katika miaka hiyohiyo utawala wa Wajerumani ulijenga ufukweni hospitali ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu, kwa hiyo tangu mwanzo rangi ya mgonjwa ndiyo iliyoamua alazwe wapi, na Waingereza waliokuja baadaye hawakuuondoa utaratibu huo.

Mwaka 1956 hospitali mpya ya Upanga, iliyochukua nafasi ya ile ya Sewa Haji, ilipewa jina la Princess Margaret, na baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili. Mabadiliko hayo hayakuwa ya jina tu. Shule ya udaktari ilianzishwa hapo mwaka 1963, na mwaka 1976 hospitali na kitivo cha tiba viliunganishwa kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili, ili wodi ziwe pia madarasa ya madaktari wa nchi iliyokuwa na wataalamu wachache mno. Muungano huo ulivunjwa baadaye, na sheria ya mwaka 2000 ikaifanya hospitali kuwa taasisi inayojitegemea.

Hata hivyo, Muhimbili ilichakaa, na uchakavu huo haukutokana na umri wa kuta peke yake, bali na mfumo wa rufaa, ambao humpandisha mgonjwa kutoka zahanati hadi kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya na ya mkoa, mpaka hospitali ya taifa. Kwa kuwa ngazi za chini zilikosa vifaa na wataalamu, mzigo wote uliishia juu. Rais John Magufuli alipoitembelea ghafla Novemba 2015 alikuta wagonjwa wamelala sakafuni na mashine za uchunguzi zikiwa mbovu, akavunja bodi, na fedha zilizokusudiwa kwa tafrija ya wabunge zikanunua vitanda. Hatua hiyo ilistahili sifa, lakini vitanda pekee haviwezi kuponya hospitali inayopokea wagonjwa ambao wangeweza kutibiwa wilayani kwao.

Kwa hiyo mpango wa sasa wa kuijenga upya Muhimbili ya Upanga uende sambamba na kuziimarisha hospitali za wilaya, maana bila hizo majengo mapya nayo yataelemewa. Jina la Sewa Haji, ambalo bado limo katika mojawapo ya majengo ya wodi, lisiachwe lipotee pamoja na kifusi. Wanaosimamia ujenzi walihamishie katika jengo jipya.