Uhati, Si Mwandiko Mzuri

Wanaoitafsiri sanaa ya Kichina ya shufa kuwa “mwandiko mzuri”, wakiwamo wanakamati wa istilahi wasiojisumbua kutazama hata mchoro mmoja wa hariri, wamekipa Kiswahili istilahi inayomfaa mwalimu anayesahihisha madaftari kuliko msomi wa sanaa za kasri. Neno hilo la Kichina limeundwa na shu, yaani maandishi, ambalo alama yake ya kale ilionyesha mkono ulioshika brashi, na fa, yaani kanuni au njia. Uzuri, ambao Wagiriki waliutanguliza katika neno lao kalligraphia, haumo.

Istilahi stahiki ni uhati. Hati imetokana na khatt ya Kiarabu, ambayo maana yake ya msingi ni mstari, kisha maandishi, na katika Kiswahili cha ofisini ikawa waraka. Na kwa kuwa shairi limezaa ushairi na mshairi, hakuna kanuni ya sarufi inayoizuia hati kuzaa uhati na mhati. Wanaodai kwamba neno hilo litachanganywa na hati za viwanja wamesahau kazi ya kiambishi u-, na wamewasahau pia wanakili wa Kurani wa Siyu, kisiwani Pate, waliokuwa na sanaa hiyo mikononi kabla kamati yoyote haijaketi.

Uzito wa mstari huo, ulio msingi wa hati, unadhihirika katika mchoro wa korongo wa heri wa mwaka 1112, wa Kaizari Huizong wa nasaba ya Song, ambamo korongo 20, ndege wa maisha marefu na vipando vya wasiokufa katika imani ya Dao, wamelizunguka lango la kasri la Kaifeng, 18 wakiruka na wawili wakiwa wametua kwenye mapambo ya paa. Katika gombo hilohilo Kaizari aliandika maelezo na shairi kwa hati aliyoibuni mwenyewe, iitwayo dhahabu nyembamba, yenye mistari mikavu na ncha kali; na ni maandishi hayo yanayowageuza ndege kuwa ishara ya mbingu kuuridhia utawala wake. Kuyaita mwandiko mzuri ni kuyashusha yawe pambo la pembeni, ilhali ndiyo yanayobeba maana ya mchoro.

Katika matumizi, iandikwe uhati wa Kichina, uhati wa Kiarabu, na mtendaji aitwe mhati. Kamusi zitakazoendelea kuikwepa istilahi hii zitakuwa zimechagua uvivu wa kunakili badala ya wajibu wa kufasiri.