Shehena ya Sauti katika Sahani za Santuri

Wasikilizaji wetu wa Kibiti na wa visiwa vya delta ya Rufiji wajua desturi ya vyombo. Jahazi lililojaa boriti za mikoko halipiti salama penye maji haba. Hupunguzwa shehena, kisha likifika kilindini hurudishiwa. Twaomba mfano huo ukumbukwe, kwa maana habari yetu ni ya shehena ya namna nyingine, nayo ni sauti ya binadamu katika sahani za santuri.

Mwezi wa Machi 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alivuka bahari pamoja na wenzake kwenda Bombay, akaimba kwa ajili ya sahani za His Master's Voice. Sahani hizo zilienea pwani yote ya Afrika Mashariki. Tangu 1925 mafundi walikuwa wameanza kuacha pembe tupu na kuipokea sauti kwa umeme. Chombo chao kilikata mfereji mwembamba katika nta, na kutoka katika nta hiyo ikapatikana kalibu ya kupigia chapa sahani.

Sasa, sauti nene huuyumbisha mfereji kuliko sauti nyembamba. Kama ingaliandikwa kwa nguvu zake zote, mfereji mmoja ungaliuvunja wa jirani yake. Kwa hiyo mafundi wa Uingereza wa siku zile walipunguza sauti zilizo chini ya mitetemo 250 hivi kwa sekunde. Wengine, hasa wa Marekani, baadaye waliongeza sauti nyembamba, zipate kushinda mchakacho wa sahani. Mwenye kuipiga sahani yampasa kugeuza: kilichopunguzwa akirudishe, kilichoongezwa akiondoe.

Lakini kila kampuni ilikuwa na kipimo chake. Hata Columbia ya Marekani ilipotoa sahani za vinili mwaka 1948, vipimo viliendelea kutofautiana. Ndipo mwaka 1954 chama cha makampuni ya Marekani, RIAA, kikaweka kipimo kimoja: kurudisha sauti nene chini ya mitetemo 500, na kupunguza nyembamba juu ya 2,122. Nchi nyingi zikakifuata.

Hapa ndipo penye hatari. Sahani ya 1928 ikipigwa kwa kipimo cha 1954, huondolewa sauti nyembamba ambazo fundi hakuziongeza, na sauti nene huzidishwa kuliko haki yake. Mwimbaji husikika kana kwamba amejifunika shuka kinywani. Kijana asikiaye husema kuwa wazee hawakujua kuimba. Kumbe kosa si la mwimbaji wala la fundi wa Bombay. Shehena imepimwa kwa mizani isiyo yake.

Siti alifariki mwaka 1950. Hawezi kurudi kutuimbia tena. Basi mwenye sahani za wazazi wake asizitupe, na mwenye kuzinakili aandike kwanza jina la kampuni na mwaka, ndipo achague kipimo. Tusiwahukumu wazee wetu kabla ya kuwarudishia kilichopunguzwa njiani.